Kishindo Kimoja ni Mbele

"Joto la maji likizidi nyuzi tisini na tano, unafanya nini?"

Noela aliuliza kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, ilhali baba yake alikuwa amekaa mbele yake kwenye stuli, magoti yao karibu yagusane.

"Napunguza mwendo," Ferdinand alijibu kwa sauti kubwa kuliko hiyo. "Halafu naangalia... naangalia ile..."

"Kichujio cha maji ya bahari, shemeji," alisema Mwanakombo kutoka upande wa pili wa ukuta, alikokuwa akichambua mchicha, na wala hakuna aliyemuuliza.

Marietha, mama yake Noela, alicheka peke yake mlangoni, mikono ikiwa ndani ya beseni. Wiki ya tatu sasa nyumba yao ya Tandika ilikuwa imegeuka chuo. Kitabu cha injini mpya kilikuwa na kurasa arobaini na mbili. Noela alikuwa amekisoma chote mara nne kwa sauti ya juu, na kwa kuwa ukuta wa kati haukufika kwenye bati, wapangaji wote walikuwa wamekishika. Mwanakombo, Mzaramo aliyezaliwa hapohapo Temeke na ambaye hajawahi kutia mguu chumba cha injini maishani mwake, alikuwa amempita mwenye mtihani kwa mbali.

"Shemeji akichoka nitakwenda mie," alisema. "Mshahara wenyewe unatoka tarehe ngapi?"

"Ndiyo," Ferdinand alimjibu kwa heshima.

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Miaka ishirini na sita ndani ya chumba cha injini cha kivuko cha MV Mikadi ilikuwa imemla masikio, na badala ya kukiri alijifunza kujibu ndiyo. Sauti nzito alizipata. Sauti nyembamba, au mtu akimgeuzia kisogo, hakuambulia kitu. Basi alitabasamu na kusema ndiyo. Mwaka jana Mwanakombo alimwomba ruhusa ya kupitisha kamba yake ya kuanikia nguo mbele ya dirisha lao, akasema ndiyo, na mpaka leo Marietha alikuwa akiamka na kutazama mashuka ya watu. Neno "sijasikia" halikuwahi kumtoka mdomoni. Angeweza kukuambia kwamba ana njaa, kwamba amekosa, hata kwamba amepotea njia, lakini hilo la masikio alikuwa amelifungia ndani na ufunguo akaumeza.

*

Injini za zamani za Mikadi hazikuwa na wa kuzililia. Zilikuwa mbili, za dizeli, zimevusha watu baina ya Magogoni na Kigamboni tangu Noela hajawa hata wazo, na kila zilipowashwa zilitoa wingu jeusi lililowashukia abiria wa nyuma. Wanaume waliovaa kanzu za Ijumaa walikwenda kusimama mbele kabisa, hata mvua ikinyesha. Wanafunzi walivuka wameziba pua kwa kola za mashati. Ferdinand mwenyewe alikohoa kila asubuhi mpaka majirani wakajua ni saa kumi na moja. Ovaroli lake, Marietha alilifulia kwenye ndoo ya bluu, ndoo ambayo hakuthubutu kuitumia kwa kitu kingine, maana maji ya kwanza yalitoka kama wino, ya pili kama chai ya rangi, na ya tatu ndipo ulipoanza kukiona kitambaa.

Kwa hiyo kampuni yenye kivuko ilipotangaza kwamba Mikadi itapelekwa chelezoni, injini zing'olewe, zifungwe nyingine zinazochoma mafuta bila kumwaga masizi, Marietha alifurahi kuliko wakurugenzi. Aliona kifua cha mumewe kikipumzika. Aliona na mikono yake mwenyewe ikipumzika, kwa nini asiseme ukweli.

Habari ya pili ilikuja wiki moja baadaye, na hiyo haikutangazwa kwa kipaza sauti. Injini za zamani zilihitaji watu wanne kila zamu, wa kupaka grisi, kukaza, kufuta na kumwomba Mungu. Mpya zilihitaji wawili. Injinia Naima, binti wa Kigamboni aliyesomea meli na ambaye umri wake uliizidi kidogo tu miaka ya kazi ya Ferdinand, angewachagua baada ya safari ya majaribio. Wasiochaguliwa wangepelekwa getini kupanga foleni.

"Getini si kufa," Marietha alimwambia mumewe siku ile.

"Getini watu wanauliza maswali kutwa nzima," alisema Ferdinand.

Marietha alielewa. Mtu mwenye masikio yale angedumu getini wiki moja, kisha angepewa mkono wa kwaheri na barua, huku umri wa kustaafu ukiwa bado miaka sita. Mahali pekee ambapo uziwi wake ulikuwa umejificha vizuri ni ndani ya kelele, na kelele yenyewe ndiyo hiyo ilikuwa imeng'olewa kwa winchi.

*

Jumatano Injinia Naima aliwatumia mafundi wote sauti ya kengele ya hatari ya injini mpya, ili waizoee. Noela aliipiga kwenye simu jioni, kabla ya kula. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, ya kukatakata. Kuku wa uani walitawanyika.

"Zimeni hicho kitu, kinatoboa," alisema Mwanakombo kutoka kwake.

Ferdinand alikuwa ameinamisha kichwa karibu na simu, amekunja uso kwa makini. Akasubiri. Akamtazama binti yake.

"Ipige basi," alisema.

Noela akamtazama mama yake. Simu ilikuwa bado inalia mkononi mwake. Marietha alimwonea huruma mumewe, na papo hapo alimkasirikia kwa miaka yote hii ya kuitikia mambo asiyoyajua.

"Aa, nimeisikia," Ferdinand alisema alipoona nyuso zao. "Nilikuwa nawatania."

Noela alipotoka kwenda dukani, Marietha alivuta stuli akakaa mahali ambapo mumewe angeuona mdomo wake.

"Baba Noela, mwambie injinia."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kengele yake huisikii. Siku ikilia na wewe umekaa hapo unatabasamu, na juu kuna watu elfu moja, itakuwaje?"

"Sihitaji kengele. Injini naijua kwa mkono." Alinyoosha kiganja, kipana, chenye kovu la moto. "Naigusa tu hivi, najua imelalaje, imeamkaje. Nikimwambia yule binti kwamba sisikii, ataandika kiziwi. Akishaandika, basi, imekwisha. Na wewe Mama Noela usije ukathubutu kumwambia mtu kwamba mimi masikio..."

Marietha akapiga mguu sakafuni mara mbili. Ferdinand akanyamaza papo hapo, maana alichodhani ananong'ona kilikuwa kimefika mpaka kwa muuza mkaa.

Hiyo ndiyo lugha moja ambayo Ferdinand hakuwahi kuikosa. Kengele ya kumpa maagizo fundi wa injini ilikuwa imeharibika siku nyingi kule kivukoni. Kwa kuwa chumba cha usukani kilikuwa juu kabisa ya kichwa cha Ferdinand, Nahodha Salumu alizoea kupiga mguu kwenye bati la sakafu. Kishindo kimoja, mbele. Viwili, simama. Vitatu, rudi nyuma. Ferdinand hakuvisikia kwa masikio. Vilimwingia kwa nyayo, vikapanda na miguu, na mkono ukatii kabla hajawaza. Marietha aliichukua lugha hiyo akaileta nyumbani. Sakafu ya saruji haina mtetemo wa bati, lakini Marietha alikuwa mwanamke mwenye mwili wake, na akipiga mguu hata sufuria zilijua.

*

Jumamosi familia za wafanyakazi zilialikwa kwenye safari ya majaribio. Kampuni iliomba kwaya moja na kikundi kimoja cha dufu, shehe mmoja na katekista mmoja, ili asije mtu akasema kivuko ni cha upande fulani. Kwaya ilikuwa ya parokia yao, na Marietha alikuwa safu ya mbele, sauti ya pili, amevaa sare mpya ya kitenge cha njano. Mwanakombo hakualikwa na mtu yeyote. Alikuja na dufu la shangazi yake, akasimama na kikundi, akapewa soda kama wengine.

Mikadi iling'oa nanga bila mtu kujua. Marietha alikuwa akisubiri ule mngurumo wa kutikisa meno, na wingu, na watu kukimbilia mbele. Alipogeuka, Magogoni ilikuwa tayari iko mbali. Bomba la moshi lilitoa hewa ya moto tu iliyofanya majengo ya mjini yacheze kidogo, na basi. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe alikuwa amekwenda kusimama nyuma kabisa makusudi, mikono amefunga mgongoni, anajitazama kifuani mara kwa mara kuona kama ameingia doa. Marietha alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Kwaya ikaambiwa ianze. Walisimama katikati ya sitaha, mbele ya chumba cha usukani, juu ya bati lile lile. Wimbo ulikuwa wa kushukuru, wa mwendo wa kusini, wenye kupiga miguu, na mwalimu wao alipenda umalizike kwa namna moja tu: sauti zikatike ghafla, kimya, kisha wote kwa pamoja wapige mguu mara mbili. Waliufanyia mazoezi mwezi mzima. Siku hiyo ulitoka safi kuliko siku zote. Sauti zikakatika. Tu. Tu. Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Marietha alikuwa akipiga makofi naye alipoyaona maji. Povu lililokuwa likiwafuata nyuma lilipungua, likawa mapovu machache, likaisha. Mikadi ilikuwa imesimama katikati ya mlango wa bandari. Kwa kuwa injini mpya haikuwa na kelele, hakuna aliyejua kwamba imenyamaza. Watu waliendelea na makofi, dufu likaanza, Mwanakombo akiwa mbele. Upande wa bahari kuu meli ya mizigo ilikuwa ikijongea, pua yake imewaelekea. Nahodha Salumu alitoa kichwa dirishani, akatazama nyuma, akatazama ile meli, akarudisha kichwa upesi.

Marietha akaitazama miguu yake mwenyewe.

Ilikuwa dakika moja na nusu hivi. Kisha povu likarudi, na Mikadi ikaenda zake Kigamboni, huku watu wakiulizana kama pilau itatosha.

*

Injinia Naima hakungoja pilau. Kivuko kilipofunga tu, aliwaita mafundi wanne wa zamu kwenye mlango wa chuma wa kuteremkia. Alikuwa amevaa ovaroli la bluu na mtandio uliofungwa kwa nyuma, vizuia kelele vikining'inia shingoni, ubao wa karatasi mkononi. Familia zilikuwa zimesimama hatua chache nyuma yao. Nahodha Salumu akaja kasi, akijaribu kucheka.

"Injini mpya, injinia. Inazoea maji tu."

"Injini haizoei, Nahodha. Imezimwa kwa kitufe chekundu cha dharura, na meli ilikuwa inaingia." Sauti yake haikupanda. "Sitaki kumfokea mtu. Nataka kujua ni nani."

Mafundi wakatazama chini. Ferdinand alitazama chini kwa sababu wenzake wametazama chini.

Naima aliinamia karatasi yake, akawa anaandika huku anazungumza. "Mzee Ferdinand, wewe ndiye uliyekuwa upande wa kitufe. Ulimwona aliyekibonyeza?"

Ferdinand aliona kwamba ametajwa, kwa jinsi wenzake walivyogeuka. Midomo hakuiona.

"Ndiyo," alisema.

"Ni Stephano?"

"Ndiyo," alisema tena, na akatabasamu.

Stephano alikuwa mwenzake wa miaka kumi na moja. Walikula ugali sahani moja. Alimgeukia Ferdinand taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwagiwa maji na mtu wa nyumbani kwake. Mkewe Stephano, aliyekuwa amesimama karibu na Marietha na sahani mkononi, akasema "Mh," basi.

Marietha alihisi uso unamuwaka. Angeweza kupaza sauti. Lakini mke kumsemea mume mbele ya bosi wake, kazini, mbele ya nahodha, hilo lingemmaliza Ferdinand kuliko getini. Na akikaa kimya, mumewe atapata kazi kwa mgongo wa Stephano bila hata kujua kwamba ameiba. Sekunde chache zile alizichukia njia zote mbili.

Akasogea mpaka kwenye bati la mlango, akapiga mguu mara mbili.

Watu walimtazama wakidhani wimbo umemrudia. Ferdinand tabasamu likamtoka. Viwili ni simama. Alimtazama Naima, ambaye kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Akamtazama Stephano, akauona ule uso. Akageuka nyuma, akamwona mkewe amesimama na kitenge chake cha njano, macho yamejaa. Hakujua alichokisema, ila alijua sasa kwamba amesema kitu kibaya. Mdomo ukafunguka. Ukafumba. Jasho lilimtoka kipajini na kushuka mpaka kwenye kola.

Marietha akapiga mguu mara moja.

"Injinia," alisema Ferdinand. "Samahani. Sijasikia ulichoniuliza."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kwa hiyo gati zima lilisikia, pamoja na wauza karanga.

Naima aliinua kichwa. "Umesema ndiyo mara mbili."

"Huwa nasema ndiyo tu, nisiposikia."

Akangoja kuona kama dunia imeanguka. Haikuanguka, basi akaendelea, na sasa maneno yalimtoka kwa kusukumana. "Kitufe nimebonyeza mimi. Stephano alikuwa kule kwenye pampu. Nilipata vishindo viwili miguuni, na viwili ni simama, mkono ukaenda wenyewe. Na ile kengele uliyotutumia, sijawahi kuisikia. Juzi ulipotupima kwa kengele hiyo nilikuwa naangalia uso wako, ukikunja jicho najua imelia."

Nahodha Salumu alikohoa. "Vishindo ni kweli, injinia. Mimi ndiye niliyemzoesha. Kengele yetu ilikufa zamani. Leo ni kwaya waliopiga, si mimi."

Stephano alipumua kwa nguvu, akafuta uso kwa kitambaa. Naima aliibana kalamu kwenye ubao wake. Ferdinand, ambaye miaka yote alikuwa akiogopa kitakachofuata hapo, aliuangalia mdomo wake asije akakosa hata neno moja.

"Leo kabla hatujaondoka," Naima alisema, sasa akiwa amemwelekea kabisa, "uliweka mkono kwenye pampu ya kushoto ukaniambia ina joto. Kioo kilikuwa hakijaonyesha kitu. Nikafungua, nikakuta beringi imekaa vibaya. Nilidhani umebahatisha."

"Sibahatishi. Nashika."

"Sasa mtu wa namna hiyo, mzee wangu, unanificha nini?"

"Ungenipeleka getini."

Naima alitazama pembeni kidogo, kisha akakumbuka, akarudisha uso. "Masikio haya yameliwa na kazi yetu. Si wewe wa kuyaonea haya. Ile kengele ina taa yake, nyekundu, ya kuzunguka. Ipo bohari kwenye boksi, tuliona haina haja. Jumatatu inafungwa mbele ya macho yako. Wewe nawe unakwenda kupimwa, na wakisema uvae kifaa, unavaa. Na Nahodha, miguu yako ibaki kwenye viatu." Watu wakaanza kutabasamu. "Kuanzia leo, jambo ambalo hujalisikia, unasema hujasikia. Nikikukamata na ndiyo ya uongo, hapo ndipo tutakosana. Sawa?"

Upepo ulikuwa umevuma, na mtandio ukampiga Naima mdomoni. Ferdinand akasita.

"Hilo la mwisho," alisema, "sijalipata."

Stephano ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akamshika Ferdinand begani, na Ferdinand, ambaye hakujua bado wanacheka nini, aliuliza.

*

Jumanne majina yalibandikwa. Zamu ya asubuhi, Stephano na Ferdinand: mmoja wa kusikia, alisema Naima, na mmoja wa kushika. Mwanakombo alisikitika hadharani kwamba nafasi yake imechukuliwa na mtu asiyekijua kichujio.

"Na ile kamba yako, shemeji," Ferdinand alimwambia siku hiyo hiyo, akiwa amesimama mlangoni kwake kwa adabu. "Ulipoomba, sikukusikia. Nilisema ndiyo tu."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

Mwanakombo alimwangalia, akashika kiuno, akacheka, kisha akaenda kuifungua kamba akaihamishia upande wa choo. Asubuhi iliyofuata Marietha aliamka akaona mwembe wa jirani, ambao alikuwa amesahau kwamba upo.

Jioni ya Ijumaa alichukua ovaroli la mumewe, akalitumbukiza kwenye ndoo ya bluu, akamimina sabuni na kuanza kufikicha kwa nguvu zake zote za zamani. Akaacha. Akatazama. Povu lilikuwa jeupe. Chini yake maji yalikuwa na ukungu kidogo wa vumbi na jasho, maji ya nguo ya mtu yeyote. Alichota kiganjani, akayanusa. Halafu aliinuka, akaingia ndani, akatoka na foronya mbili za kitandani mwao, akazitia kwenye ndoo ile ile pamoja na ovaroli.

Ferdinand alikuwa kwenye stuli na kikombe cha chai. Hakuwa amekohoa tangu arudi.

"Maji meupe, Baba Noela," Marietha alisema, polepole, zaidi akijiambia mwenyewe.

Aliuona mdomo wa mumewe ukianza lile tabasamu la zamani, kichwa kikijiandaa kuitikia. Mguu wake ulikuwa tayari umeshanyanyuka. Lakini Ferdinand aliweka kikombe chini.

"Sijasikia," alisema. "Sema tena."

Marietha akaushusha mguu taratibu. Akafuta mikono kwenye khanga, akamwendea, akamwinamia sikioni na kumwambia, na alipomaliza hilo la maji akaongeza na jingine. Ferdinand alicheka kwa sauti ya chini ambayo nyumba ile haikuwa imewahi kuisikia.

Kutoka upande wa pili wa ukuta Mwanakombo akauliza, "Mmesemaje huko?"